Mashine ya Watu Wawili

Siham alijua kuwa mvua inanyesha pale alipoinua macho kwenye cherehani na kuona mashuka aliyoyaanika yamelowa chapachapa kwenye kamba.

Akaacha kushona. Mtu wa Tukuyu haambiwi kwamba mvua imekuja. Anaisikia ikianzia kwenye mabati ya mbali, ikitembea paa kwa paa hadi kwake, na ikishafika mnaongea kwa kupayuka au mnanyamaza mpaka ipite. Hii ilikuwa imeshafika. Aliiona dirishani, nene, ikichimba udongo chini ya migomba ya jirani yake Atuganile na kujaza mfereji. Lakini juu ya kichwa chake bati halikutoa mlio wowote.

Akatoka na beseni kuanua. Alipovuka kizingiti tu, kishindo chote kikamwangukia masikioni kwa mpigo, nusura aachie beseni. Aliporudi ndani, kimya. Akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, mwingine ndani. Sikio la kulia mvua, sikio la kushoto hakuna kitu.

"Baba Suad!" aliita. "Hebu njoo usikie paa."

"Masikio yako yamejaa nta, mama," Hasheem alijibu kutoka chumba cha mbele. "Mwambie Suad akutilie mafuta ya vuguvugu."

Hakutoka. Hasheem alikuwa fundi wa redio na televisheni, na chumba cha mbele cha nyumba yao, karibu na soko, ndicho kilikuwa karakana yake. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka Kilwa na marobota ya vitambaa; vitambaa vikaisha, familia ikabaki. Wiki ile Hasheem hakuwa akishughulika na kingine chochote isipokuwa sanduku alilomletea Obed.

Obed alikuwa mbomoaji wa majengo, mwenyeji wa Lupepo. Alipewa kazi ya kubomoa nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la chai, nyumba iliyokaa miaka mingi bila mtu, popo wakizaana darini. Kwenye stoo, nyuma ya magunia yaliyooza, akakuta boksi lililofungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na mashine ya plastiki nyeupe na nyeusi, yenye nyaya mbili ndefu. Mwisho wa kila waya palikuwa na kisanduku kidogo chenye vitufe vya kuzungusha, kama kitufe cha kutafutia stesheni kwenye redio ya mkulima. Vilevile mlikuwa na kadi kadhaa za kuchomeka, na karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimechorwa rangi.

"Fundi, ukiweza kuiwasha niite nije nione," Obed alimwambia, akaondoka.

Hasheem aliitambua. Alikuwa amewahi kusoma habari zake. Ilikuwa katika mashine za mwanzo kabisa duniani za kuchezea michezo kwenye televisheni nyumbani. "Umri wake na wangu ni mmoja," alimwambia binti yao Suad huku akifuta ukungu kwa brashi. "Sisi huku tulikuwa hatuna kituo hata kimoja cha televisheni, na wenzetu tayari wanacheza."

Suad ndiye alikuwa mtoto wao pekee, msichana wa miaka ishirini, aliyefundisha kaswida watoto wa madrasa. Sauti yake ilijulikana mpaka Kyela. Siku za maulidi watu walikuwa wakiulizana kama binti wa Hasheem atasoma, kabla ya kuuliza kama kutakuwa na pilau.

Hasheem akaunga nyaya zilizoliwa na panya, akatia betri, akaifunga kwenye televisheni ya chogo iliyokuwa sebuleni. Kioo kikawaka. Vikatokea vipande viwili vya mwanga, vyeupe, vya mraba, kimoja kulia na kingine kushoto, na cha tatu kikawa mpira. Basi, ndiyo yote. Michoro ilikuwa kwenye zile plastiki: unaibandika moja juu ya kioo, inakuwa uwanja, nyingine inakuwa nyumba yenye madirisha.

"Mbona haina sauti?" Suad aliuliza.

"Haikutengenezewa sauti. Wala haihesabu magoli. Mnahesabu wenyewe kwa mdomo."

Wakacheza baba na binti, wakacheka mpaka Siham akaacha ushonaji akaja kuwatazama. Hiyo ilikuwa siku chache kabla ya mvua ile.

Baada ya mvua likafuata birika. Siham alilikuta limechemka hadi linakaribia kukauka, kifuniko kikirukaruka bila kugonga. Mlango wa chooni ukaacha kulia. Kisha cherehani yake, aliyopewa na mama yake siku ya harusi, ikawa inashona bila mlio. Sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinasogea, naye amekaa pale kama mtu anayetazama kazi yake ikifanywa na mwingine. Na nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya maji yaliyokaa mahali pasipo upepo, baridi, yenye majani chini yake.

Alasiri moja ya ukungu, ukungu ule wa Tukuyu unaoingia mpaka ndani na kukaa kwenye viti, Siham alisikia Suad akihesabu sebuleni.

"Nne kwa mbili. Haya. Tano kwa mbili. Unanionea bwana."

Akasogeza pazia. Suad alikuwa ameketi mkekani peke yake, kisanduku kimoja mkononi. Kisanduku cha pili kilikuwa juu ya kigoda, upande wa pili wa mkeka, hakikuguswa na mtu, na kitufe chake kilikuwa kikizunguka taratibu, kinakwenda, kinasita, kinarudi, kama kinavyozungushwa na mtu anayewaza.

"Unacheza na nani?"

"Na mashine, mama," alisema Suad bila kugeuka. "Baba kaitengeneza vizuri, siku hizi inacheza yenyewe."

Walipokaa kula magharibi ile, Siham alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Hasheem akarudisha tonge kwenye sahani.

"Haiwezi," alisema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Mama Suad, nisikilize. Mle ndani hamna akili. Hakuna kompyuta, hakuna kitu cha kufikiri. Ni nyaya na vidude vya kupitisha umeme tu, nimevishika kimoja kimoja. Mashine ile ni ya watu wawili. Ukikaa peke yako, kile kipande cha pili kinasimama palepale mpaka kesho. Hakiendi mpaka mtu akizungushe."

Akainuka bila kunawa, akachomoa waya wa televisheni ukutani, akatoa betri zote, akaufunga mlango wa sebule kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Hawakumwambia Suad kitu. Baadaye Siham alijuta sana kwa hilo, kwa sababu laiti wangemuuliza usiku ule, angewaambia alichokuwa akikifanya.

Kesho yake mchana umeme ulikatika mji mzima. Siham alikuwa uani akichambua mboga, akaona kwenye dirisha la sebule mwanga mweupe unacheza juu ya pazia. Alimwita Hasheem, na Hasheem akaja na ufunguo mkononi, lakini mlango ulikuwa wazi, na televisheni isiyo na umeme ilikuwa inawaka, na mashine isiyo na betri ilikuwa inafanya kazi, na juu ya kioo ilibandikwa ile plastiki yenye mchoro wa nyumba, na ndani ya nyumba ile vipande viwili vya mwanga vilikuwa vikifukuzana chumba hadi chumba, kimoja kikikimbia na kingine kikifuata bila haraka, na mbele ya kioo alikuwa amepiga magoti mtoto wao, jasho linamtiririka, midomo imekauka.

"Suad! Acha!"

"Niache nimalize baba, niache nimalize," alisema kwa haraka, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Kila ikinifunga inachukua kitu. Ilichukua mvua. Ilichukua cherehani ya mama. Mimi ndiye niliyevipoteza, sikujua tunawekeana dau. Nataka kuvirudisha. Imesema tuweke kitu kikubwa mara moja, nikishinda inarudisha vyote."

"Imesema?" Hasheem alimshika bega. "Imesema kwa mdomo gani, mwanangu?"

Kwenye kioo kile kipande kilichokuwa kikifuata kikakifikia kilichokuwa kikikimbia. Vikalaliana vikawa kimoja. Suad aligeuka kumjibu baba yake, akafungua kinywa, koo likapanda na kushuka, ulimi ukatembea, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajishika shingo kwa mikono miwili akimtazama mama yake, na Siham alijua kwamba mwanawe alikuwa akipiga yowe.

Hospitalini daktari alimmulika koo, akasema halina tatizo, nyuzi za sauti ni nzima, pengine ni mshtuko. Waliporudi nyumbani, Atuganile alikuwa akiwasubiri barazani na kikapu cha ndizi kichwani.

"Mama Suadi, mimi ni mtu wa kanisa, hayo ya kwenu siyajui," alisema. "Lakini ile nyumba ya meneja ilikotoka mashine yenu ninaijua. Twende Kawetele kwa bibi Tulinagwe. Alikuwa yaya pale."

Bibi Tulinagwe aliwapokea jikoni kwake, kwenye moshi, kikongwe mwembamba aliyejifunga vitenge viwili kwa baridi. Kiswahili chake kilikuwa kizito cha Kinyakyusa, kila neno lilitoka kwa uangalifu, na z mara nyingine ilimtoka s. Hasheem alipoitaja mashine, mikono ya bibi ikaacha kumenya ndizi.

"Ndaga, pole, mwanangu. Kumbe bado ipo. Waliileta kwa kupitia Sambia, pamoja na televisheni yenyewe. Televisheni ilikuwa haioneshi kitu, nchi ilikuwa haina stesheni. Ilikuwa ya mchezo ule tu. Watu wa shamba walikuja kuchungulia dirishani, wanaona vitu vyeupe vinatembea, wanakimbia. Meneja na mkewe walicheza siku mbili tatu, wakachoka. Mtoto hakuchoka. Alikuwa mmoja tu, hana ndugu. Akaniambia, 'Tuli, kaa hapa, shika hiki.' Mimi nilikuwa msichana, niliogopa. Nikakataa. Siku moja napita na nguo, nasikia anahesabu, anacheka, anamwambia mtu, 'Samu yako.'"

"Alikuwa na nani?" aliuliza Siham, ingawa alijua.

"Mwe, mama. Mimi sikuona mtu. Niliona kitufe kinazunguka." Akajifuta macho, labda ni moshi. "Akawa bubu. Walimpeleka kwao Ulaya, hawakurudi. Mpishi ndiye aliyeifunga kwa waya."

Sheikh Bushiri alikuja alasiri ya siku iliyofuata. Alikuwa mtu mfupi, mpole, muuza mafuta ya taa na viatu vya plastiki sokoni, ambaye watu walimwita kwa mambo kama haya na yeye hakupenda kuitwa. Alimsikiliza Hasheem barazani mpaka mwisho.

"Chombo kimetengenezwa kwa ajili ya wawili," alisema. "Mtoto akakaa mmoja, upande wa pili ukawa wazi. Kuna aliyekuwa anapita, akaketi. Hilo ndilo lililotokea. Sasa tutamwomba anyanyuke."

Siku ile sebule ilikuwa imeshameza kila kitu. Ukiingia, hata nyayo zako huzisikii, hata pumzi zako. Waliketi mkekani: sheikh mbele ya kioo, Hasheem nyuma yake, Siham kamkumbatia Suad. Televisheni ilikuwa inawaka. Vipande viwili vya mwanga vilikuwa vimesimama, kimoja kulia, kingine kushoto, kama watu wanaosubiriana.

Sheikh akaanza kusoma, na Siham akaona midomo yake inatembea bila sauti. Sheikh mwenyewe aliligundua hilo. Uso ulimbadilika, akagusa koo lake. Kisha akafanya jambo ambalo Siham hakulisahau: akafumba macho na kuendelea, polepole, herufi kwa herufi, midomo ikifunguka na kufunga katika kimya kile, kama mtu ambaye hakuwa akiwasomea wao, na anayesomewa hahitaji masikio.

Ukungu ukajaa dirishani. Ile harufu ya maji ikawa nzito hadi Siham akaionja ulimini. Kitufe cha kisanduku juu ya kigoda kikaanza kuzunguka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kulia, kushoto, kulia, na kile kipande cha pili cha mwanga kikawa kinagonga pembe za kioo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, kikienda juu, kikishuka, kikitafuta pa kutokea, na sheikh akiendelea, jasho likimtona ndevuni, na Suad akitetemeka mikononi mwa mama yake kama mwenye homa ya malaria, mpaka kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini na kila kilichomezwa kikatoka kwa pamoja.

Mvua ilitoka kwanza, mvua zote za wiki zile katika kishindo kimoja, bati likaunguruma kama linang'olewa, na huku nje hapakuwa na hata tone. Ikafuata cherehani, mlango, birika, nyayo zao wenyewe, tasbihi ya sheikh, na katikati yake kicheko cha mtoto mdogo wa kiume akihesabu kwa Kiingereza, kikapita juu ya vichwa vyao na kutoka. Siham alijiziba masikio, lakini akayazibua upesi, kwa sababu ameisikia. Sauti ya Suad. Ilikuwa safi, ileile ya maulidi, inasoma kaswida. Ilitoka kwenye ule ufa, ikakaa kidogo katikati ya chumba. Suad akaachama kinywa kuipokea, akanyoosha mikono kama anayedaka kuku.

Ikampita. Ikatoka dirishani, ikaingia ukunguni, wakaisikia ikishuka kuelekea bondeni, ikipungua, mpaka ikaisha.

"Amenyanyuka," sheikh Bushiri alisema kwa sauti iliyokauka. Kisha akamtazama Suad, akainamisha kichwa. "Lakini hakuondoka mikono mitupu."

Hasheem aliifungua ile mashine kwa bisibisi. Akakuta vilevile alivyovikuta mwanzo, nyaya na vidude vilivyopangwa vizuri. Akavichoma na magunzi nyuma ya nyumba.

Nyumba ikarudi kuwa na kelele zake. Suad alijifunza kuandika upesi kwenye simu na kuwaonyesha. Madrasa wakampata mwalimu mwingine. Lakini haukupita mwezi, watu wanaotoka Masoko na mikungu ya ndizi wakaanza kusema sokoni kwamba kule ziwani, ukungu ukishuka, kuna msichana anasoma kaswida juu ya maji.

Siham alipanda bodaboda akaenda. Alisimama juu ya ukingo, ziwa likiwa chini yake, jeusi, duara, limezungukwa na miti. Sauti ikaja. Alikaa chini akalia mpaka jua likaelekea kuzama. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Safari ya mwisho ile sauti iliacha kusoma katikati ya ubeti. Ikasema, karibu sana, "Mama?"

Hakukumbuka alivyofika nyumbani. Bibi Tulinagwe alikuwa ameketi kibarazani akimsubiri, ameletwa kwa pikipiki, kikongwe ambaye miaka mingi hakutoka Kawetele.

"Nimesikia unakwenda kusikilisa," alisema. "Usiende tena. Na ikija, usiitikie. Mtoto wa meneja alipoondoka, sauti yake ilikuja kwetu. Inaniita nje ya dirisha, Tuli, Tuli. Mama aliniziba mdomo kwa mkono wake. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa chumba. Akaitika."

"Ikawaje, bibi?"

Tulinagwe alikunja kitenge chake, akakikunjua.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema.

Usiku ule Suad alimsogezea mama yake simu. Ilikuwa imeandikwa: *Mama, ile siyo mimi. Mimi niko hapa.* Siham akaisoma mara nyingi. Akamshika binti yake mkono, mkono wenye joto, akamwapia kwamba hataenda tena. Na hakwenda. Hasheem naye akaelezwa, akasema amesikia.

Wiki mbili zikapita kwa amani. Adhuhuri moja ya Jumamosi ukungu ulishuka mapema, soko zima likapotea. Siham na Suad walikuwa ndani wakichambua mchele kwenye ungo mmoja, magoti yamegusana. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Suad akainua kichwa. Siham alimtazama usoni binti yake. Midomo ilikuwa imefungwa, macho yamemtoka. Suad akatikisa kichwa polepole: hapana, hapana.

"Hodi humu ndani." Ilikuwa tamu, yenye kucheka kidogo, kama zamani akirudi kutoka madrasa na njaa. "Mama, mbona hamjibu? Kuna baridi huku nje."

Siham alijiziba mdomo kwa kiganja kimoja mpaka meno yakamkata mdomo, akaonja damu. Mchele ulimwagika. Walikuwa wameshikana, hawapumui, na kimya kikawa kirefu, na akaanza kuamini kwamba imechoka, kwamba itarudi ilikotoka, kwamba kesho watahama, watakwenda Mbeya, popote.

"Hodi."

Na kutoka uani, ambako siku ile alikuwa ametoka kufuata mwanga na kuinamia redio ya mteja, bisibisi mdomoni na mawazo kwenye kazi, Hasheem, aliyekuwa akibishiwa hodi na wateja kutwa nzima tangu ujana wake, akatoa bisibisi na kuitikia kwa sauti kubwa na ya ukarimu:

"Karibu!"

Mlango ukaanza kufunguka.